Kuanza bokken na jo hapa Goma: fimbo njo itafundisha mukono

Kila mwezi hivi kuko kijana anafika ku mazoezi yetu ya aikido, mupiganio wa Wajapani, anavua viatu, anaangalia watu wanaanguka na kuamuka, kiisha dakika kumi ananivuta pembeni ananiuliza pole pole: "Kaka, upanga tutaanza lini?" Namujibuka: leo. Anacheka juu anafikiri ni muchezo. Haiko muchezo. Fasi mingi wanakufundisha mukono mutupu miaka mbili tatu mbele ya kukuachia ushike fimbo, wako na sababu zao, lakini mimi nilianza hivo na nilipoteza wakati sana, juu mambo mingi ya mukono mutupu ya Wajapani yalitoka kwa mutu mwenye alikuwa na upanga ku kiuno, sasa ukijifunza ile mikono bila kujua upanga ni sawa unacheza ngoma yenye hausikie.

Maneno kwanza ili tusipotezane. Bokken ni upanga wa muti, urefu karibu cm 102, umepinda kidogo sawa katana, upanga wa chuma wa Wajapani. Jo ni fimbo nyoofu ya muviringo, kipimo ya kawaida ni cm 128 na unene cm 2.4 hivi. Tanto ni kisu cha muti, cm 30 hivi. Mimi natoka ku aikido, kwa hiyo nitaongea kama mutu wa aikido, mutu wa jujutsu ao wa kendo, mipiganio ingine ya Wajapani, ataona fasi ingine haiko sawa na yake, asinikasirikie.

Tuanze na muti, juu hapo njo watu wanakwama. Kule Japani wanatumiaka mwaloni, mweupe ao mwekundu, muti muzito wenye haupasuke ovyo. Hapa kwetu hauko, na kuagiza toka Ulaya usijaribu, transipori inapita bei ya fimbo yenyewe. Mimi nilienda kwa mafundi wa chukudu. Fundi wa chukudu anajua muti kupita seremala wa vitanda, juu chukudu inashuka ku mulima na magunia ya viazi ao makala na mutu amesimama juu yake, muti ukivunjika pale mutu anakufa. Umwambie unataka karatusi iliyokomaa, iliyokauka, na nyuzi za muti zitembee nyoofu toka mwanzo mpaka mwisho. Hiyo ya nyuzi njo kubwa kupita yote. Ukiona nyuzi zinatoka pembeni katikati ya fimbo, hata kama muti ni mugumu, uache, hapo pale njo itakatika.

Kukauka pia usidanganyike. Mwaka wangu wa kwanza nilichukua fimbo ya karatusi mubichi, ilikatwa siku ya pili, siku ya posho tulikuwa tunapigana nayo, pigo la tatu ikapasuka kwa urefu na kipande kikapita karibu na sikio la mwenzangu. Tulinyamaza wote wawili. Tangu siku ile muti wangu unakaa chini ya paa miezi kazaa, mbali na moto, umelala juu ya mbao mbili ili hewa ipite, na mbele ya kutumia naugonga ku jiwe: ukilia "ngaa" uko sawa, ukilia "du" bado uko na maji ao uko na ufa ndani. Mbao ya kofraji usiguse. Mpini wa jembe pia hapana, ni munene na mufupi.

Kama pesa ni ya fimbo moja tu, anza na jo, iko rahisi kutengeneza juu haipinde. Simama nyoofu, jo ifike ku kwapa lako, basi. Bokken inaomba fundi mwenye mukono, na kama hawezi kupinda, umwambie atengeneze nyoofu, haiko zambi, kuko shule za zamani kama Kashima Shin-ryu zenye zinatumiaka bokken nyoofu na nene. Mwambie apige msasa mpaka iwe laini, lakini asipake verni, verni inateleza na jasho na inachuna ngozi. Pangusa mafuta kidogo na kitambaa, imetosha. Na zile panga za chuma zenye kungaa zenye watu wanapamba nazo ku salo, zile ni za ukuta. Kisu chake kinashikwa ndani ya mpini na chuma kidogo sawa mukia wa panya, ukirusha kwa nguvu kinaweza kutoka na kwenda peke yake. Nimekwisha kukuambia.

Fasi ya kufanyia. Goma ni mawe, tunajua wote, parseli ingine imejengwa juu ya lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 na hata jembe haliingie. Kwa silaha peke yake hauna shida kubwa, unahitaji fasi tambarare na viatu, usifanye ujasiri wa miguu mitupu juu ya lava, utashona muguu. Kwa kuanguka njo kuko kazi. Sisi tulifanya hivi: tulivunja mawe makubwa, tukamwaga changarawe ndogo, juu yake muchanga, juu ya muchanga mifuko yenye imejazwa unga wa mbao wa kwa seremala, tukakanyaga siku mbili tatu mpaka ikawa ngumu sawa sawa, kiisha shitingi juu, imevutwa na mipira ya pine mpaka inalia sawa ngoma. Unga uwe mukavu. Ukiacha shimo moja kidole cha muguu kinaingia humo na mutu anavunjika, kwa hiyo kila mwezi tunafungua, tunatoa yenye imeoza na mvua, tunajaza tena. Na usiniambie hauna fasi kubwa. Kano Jigoro, mwenye alianzisha judo, alifungua shule yake Kodokan mwaka 1882 mu hekalu la Eishoji kule Tokyo na tatami 12 (mikeka ya Kijapani), hiyo ni mita za mraba 20 hivi, na judo ya dunia muzima ilitoka pale. Ila kama uko ndani ya nyumba angalia juu. Jo na taa havipendanake.

Sasa kuanguka, na ndani ya kuanguka siongeze fimbo hata kidogo mpaka mutu aweze. Ya nyuma njo ya kwanza: chuchumaa, kidevu ku kifua sawa unaangalia mukanda wako, mugongo uwe muviringo sawa chungu, jiachilie, na mikono ipige chini pembeni yako, si mbali na mwili na si karibu sana, katikati. Kosa lenye kila mutu anafanya ni kurudisha mukono nyuma ili kujishika. Mukono ule njo unavunjika. Kama hauamini uliza mutu yeyote mwenye aliteleza ku matope akaanguka hivo. Ya mbele inakuja nyuma yake: unaingia na mukono, upande wa kidole kidogo mpaka ku kiko, unapita ku bega, mugongo wa pembeni mpaka ku kiuno cha ngambo ingine, haupite ku kichwa wala ku uti wa mugongo. Anza umepiga goti, usianze umesimama. Wiki tatu za kuanguka, kila siku mara ishirini, watu wanachoka na hii, wengine wanaachaka hapa na ni sawa.

Lakini nilisema upanga ni leo, si ndiyo? Ni leo, juu mu hizo wiki tatu kuanguka ni nusu ya saa, nusu ingine ni suburi, ile kukata hewa peke yako. Peke yako hauumize mutu.

Kushika: mukono wa kushoto ku mwisho kabisa wa mpini, wa kulia juu yake, katikati muache nafasi kama ngumi moja. Hata kama uko wa kushoto, shika hivo hivo, Wajapani wote wanashika hivo. Nguvu iwe ku kidole kidogo na chenye kinakifuata, vidole vya juu vilegee, na uzungushe mikono ndani kidogo sawa unakamua nguo. Muguu wa kulia mbele. Inua bokken mpaka juu ya kichwa, ncha isianguke nyuma ya mugongo, kiisha kata katikati mpaka ku urefu wa kitovu na uisimamishe pale. Isimamishe wewe. Hii njo yenye inasumbua watu wa huku kwetu juu sisi tunajua kurusha: mutoto wa Masisi amelima, dada amepondaka sombe tangu udogo, wote wanajua kuinua kitu kizito na kuachilia uzito ufanye kazi bila kuchoka mabega, na hiyo ni nusu ya suburi, naona mama mwenye hajagusa bokken anakata vizuri kupita kijana wa jim mwenye mabega yake yanapanda mpaka ku masikio. Lakini jembe linasimamishwa na udongo na mutwangio unasimamishwa na kinu. Upanga unasimamishwa na vidole viwili vya mukono wa kushoto na tumbo. Ukisikia bega linauma, unakata na bega. Ukisikia kiko cha mukono kinauma, unasimamisha na mukono wa kulia. Ukisikia mikono, kati ya kiganja na kiko, na tumbo vimechoka, endelea.

Ngapi kwa siku? Hamusini nzuri. Kuko watu wanajisifu elfu, nimewaona, kiisha mia ya kwanza wako wanafukuza nzi.

Kwa jo anza na kusukuma, tsuki. Mukono mumoja ku mwisho nyuma, mumoja mbele ulegee, mukono wa nyuma njo unasukuma na kiuno kinasukuma mukono, fimbo inateleza ndani ya mukono wa mbele sawa mutu anaingiza ufunguo. Jo haina sura ya mbele wala nyuma, mwisho wowote unapiga, kwa hiyo mikono inabadilikaka kila mara, inachanganya sana mwanzoni halafu siku moja inafunguka. Kuna simulizi ya Muso Gonnosuke mwenye alishindwa na Miyamoto Musashi, mutu wa upanga mwenye jina kubwa, akaenda kujitenga ku mulima, akarudi na fimbo, na shule ya Shinto Muso-ryu mpaka leo inafundisha jo ya kupigana na upanga. Kama Gonnosuke alirudi akamushinda Musashi kweli ao hapana mimi sikuwepo, lakini ukikamata jo utaelewa juu ya nini mutu wa upanga anaichukia.

Mu aikido hizi suburi ziko na hesabu: saba za upanga, ishirini za jo, kiisha kuko kata, ni kusema mapigo yenye yamepangwa kufuatana: kata fupi ya 13 na kata ndefu ya 31. Ni Saito Morihiro (1928–2002) njo alizipanga hivo, alikuwa mwanafunzi wa Ueshiba Morihei pale Iwama, kijiji chenye Ueshiba alihamia mwaka 1942 akawa analima na kufanya silaha nje. Mimi hiyo inanifurahishaka. Muanzilishi muzima wa aikido, jembe asubui, fimbo mangaribi.

Kiisha mwezi moja ao mbili unapata mwenzako. Hapa hatari inaanza, na hapa njo kuko somo lenyewe: umbali. Simameni, ncha za bokken zivukane kidogo tu, cm kumi hivi. Kutoka pale, hatua moja unamufikia, hatua moja nyuma hakufikii. Wajapani wanaitaka issoku itto, hatua moja upanga moja. Mufanye hivi tu wiki muzima: mumoja anapiga hatua na kukata ku paji la uso pole pole, anasimamisha mbele ya kugusa, mwingine anatoka pembeni. Bila haraka. Utagundua kitu cha ajabu, kama uko na mukono mutupu unasimamaka karibu sana na mutu na haujui, juu ngumi haikuogopeshe sana, ila fimbo ikipita mbele ya pua mwili wenyewe unajifunza. Mimi niliongea juu ya umbali na wanafunzi miaka mitatu bila mafanikio, nikawapa bokken, siku mbili wakaelewa.

Na kanuni moja ya kata za zamani zenye hapa kwetu haipendwi: mukubwa njo anashika upande wenye unashindwa. Anaitwa uchidachi. Yeye anapiga vizuri, kwa ukweli, ili mudogo ajifunze kujibu, na mwishoni yeye njo anakatwa. Sisi huku mukubwa anataka ashinde kila mara mbele ya watu, na vijana wanaumia vidole. Mimi kidole changu cha kulia kilipigwa na mukubwa mumoja hivo, fasi moja nilipitia zamani, tulikuwa tunafanya kata na yeye akabadilisha pigo bila kusema ili aonyeshe. Ukucha ukawa mweusi wiki nyingi mpaka ukatoka. Hakuomba hata pole. Kama mwalimu wako iko hivo, beba viatu vyako uende.

Sasa turudi ku mukono mutupu, na uone. Vijana wa Birere, kartie ya hapa Goma, wanatuchekaka: nani atakukamata mukono hivo na mikono yote mbili, iko vita gani hiyo? Wako na haki kama unaangalia leo. Lakini weka upanga ku kiuno: mutu mwenye anakukamata kiganja anataka usichomoe. Hapo kila kitu kinakaa. Ile pigo ya shomenuchi yenye inaonekana sawa mutu anafukuza mbu ni kukata kwa upanga tu, mukono umebaki bila upanga. Irimi nage, namna moja ya kutupa mutu, ni hatua ya kuingia pembeni ya pigo, ile ile yenye ulifanya na bokken wiki iliyopita.

Jaribu na shiho nage, namna ingine ya kutupa. Mwenzako anakukamata kiganja cha kulia. Usipigane naye. Kamata mukono wake na mikono yako mbili sawa mpini wa bokken, uinue mpaka mbele ya paji la uso wako, pita chini yake na hatua, geuka kabisa, kiisha kata chini. Kama ulifanya suburi mwezi moja, mikono yako inajua njia. Lakini tafazali: mukono wake ukae karibu na bega lake mwenyewe, usiupeleke inje, na umushushe pole pole mpaka akae chini, uwe unamushika bado. Ukimutupa haraka anaanguka na kisogo na mukono umefungwa, hana namna ya kupiga chini, na kule Japani watu wapya waliumia vichwa vibaya na hii moja. Mutu mwenye hajamaliza wiki zake za kuanguka mimi simufanyie shiho nage hata akiomba.

Ukifanya mara kumi na mukono, chukua bokken ufanye ile ile mara kumi bila mutu, rudi ku mukono. Unapita huku unarudi kule, saa muzima inaisha haujui. Mimi wiki yangu iko siku tatu, na siku ya mvua ni kuanguka tu chini ya paa, haina siri.

Wajudoka, na mu Congo muko wengi, musifikiri hii haiwahusu. Kime no kata ya Kodokan iko na mbinu 20, nane za kupiga goti na 12 za kusimama, ndani yake kuko kisu na upanga. Na Goshin jutsu ya 1956 iko na 21, tisa kati yake ni za silaha, kisu, fimbo, mpaka bastola. Wengi wanazikutana nazo wakati wa kutafuta mukanda mweusi tu, wanakariri, wanafaulu, wanasahau. Ombeni mwalimu wenu awaonyeshe sasa.

Kuhusu bastola na kisu niseme wazi. Tanto-dori, kunyanganya kisu, ni somo ya umbali na ya macho, haiko dawa ya usiku. Mutu akikusimamisha saa mbili usiku na panga ya kweli anataka simu, umupe simu. Mimi niko na miaka kumi na mbili mu mambo haya na nitamupa simu na hata salio.

Na kutembea na silaha yako mu muji. Goma ni muji wenye umeona bunduki mingi, mutu akikuona ku moto (pikipiki) mangaribi na kitu kirefu ku mugongo hajui ni muti. Siku moja nilishushwa ku moto nikakaa chini karibu saa moja nikieleza bokken ni nini, motari alikuwa ameshakimbia na haki yake. Kuacha fimbo pale pale ku mazoezi njo nzuri. Kama lazima ubebe, ifunge mu kitenge, usiivae ku mugongo sawa bunduki, na mu njia usiichomoe kuonyesha marafiki.

Mwisho wa mazoezi, mbele ya kusujudu, kila mutu anapitisha kidole gumba pole pole ku fimbo yake muzima, kutafuta vibanzi na ufa. Kibanzi unapiga msasa pale pale. Ufa, hata mudogo sawa nywele, fimbo inaenda ku jikoni kuwa kuni, usihurumie. Na uzilaze, usiziegemeze ku ukuta, zinapinda. Yangu ya kwanza niliisahau nyuma ya mulango wakati wa mvua yote ya mwezi wa kumi na moja, ikapinda sawa ndizi, sasa mama anatundikia nayo kamba ya nguo.